Jihadharini na Lori la Pili

Theluji ya kudumu katika nchi yetu ya Kongo yaonekana juu ya vilele vya Ruwenzori tu, nayo yazidi kupungua mwaka hata mwaka. Wala hapana motokaa ipitayo huko. Basi msomaji wa Panda akisikia jinsi madereva na watembeao kwa miguu wanavyotaabika katika nchi za baridi wakati wa theluji, aweza kudhani mambo hayo hayamhusu. Lakini na atazame nje ya nyumba yake mwezi wa Agosti. Majani ya miembe yamekuwa mekundu, mabati nayo ni mekundu, na lori lipitapo katika njia isiyo na lami huacha nyuma yake wingu zito, hata nyumba ya jirani haionekani. Vumbi ndilo theluji yetu, na madhara yake barabarani yafanana sana na ya ile nyingine.

Huko kaskazini theluji ikisukumwa kando hufunika vijia vya watu, nao hulazimika kutembea katikati ya barabara pamoja na magari. Huku kwetu mara nyingi hakuna kijia cha kufunikwa. Mama mwenye beseni kichwani, mchuuzi wa makala anayesukuma baiskeli iliyojaa magunia, watoto waendao shule, wote hugawana na malori ukingo ule ule wa udongo. Lori likikanyaga ukingo huo ili kumpisha mwenzake, vumbi huinuka na kuwafunika wote.

Sasa tuseme neno ambalo twataka wazazi walisikie vema. Lori la kwanza mara chache ndilo lenye hatari kubwa. Lile watu huliona likija, nao husogea kando na kufunika pua zao. Likiisha kupita, kila mmoja huharakisha kurudi njiani, kwani amechoka kusimama katika miiba. Ndipo lori la pili hutokea ndani ya wingu la lile la kwanza. Dereva wake haoni watu, na watu hawalioni gari. Tena sauti yake huchanganyika na sauti ya lile lililotangulia, hata mtu hufikiri ni moja tu. Mtoto aliyefundishwa kupisha gari, lakini hakufundishwa kungoja vumbi litulie, amefundishwa nusu.

Wanafunzi wapendao hesabu na wapime wenyewe. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita zaidi ya mita 16 kwa kila sekunde. Dereva mwema ahitaji kama sekunde moja tangu kuona hatari mpaka mguu wake kukanyaga breki. Kama vumbi lamruhusu kuona mita 15 tu mbele yake, atakuwa amemfikia mtu kabla breki haijaanza kufanya kazi. Akienda kilomita 20 kwa saa, gari dogo huweza kusimama katika mita zisizozidi 10, naye mtu huyo atapona. Lori lenye mzigo huhitaji nafasi zaidi. Kuwasha taa zenye nguvu za kumulika mbali hakumsaidii dereva, kwani mwanga hurudi machoni pake kutoka katika vumbi kama vile urudivyo kutoka katika ukungu au theluji. Yafaa taa za kumulika chini. Dawa iliyo kubwa ni kuachana mbali na gari lililotangulia.

Je, malori mengi hivi yametoka wapi? Wazee wa Panda wakumbuka siku ambazo mji huu, ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966, uliishi kwa gari la moshi. Reli iliyofika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ilifika Bukama mwaka 1918, nayo ndiyo iliyochukua shaba ya Union Minière, na baadaye ya Gécamines. Reli ilipochakaa, mzigo ulihamia barabarani. Kumbe shaba haikupungua! Mwaka 2023 Kongo ilitoa tani zaidi ya milioni 2 na nusu. Kama lori moja huchukua tani 30 hivi, hesabuni wenyewe ni safari elfu ngapi, na sehemu kubwa ya malori yatokayo Kolwezi kwenda mpaka wa Kasumbalesa hupita Likasi. Malori yarudiyo huleta mafuta, chokaa na asidi kwa ajili ya mitambo. Mwezi wa Februari 2019 lori la asidi lilipata ajali katika barabara ya kwenda Kolwezi, wakafa watu kama 20. Twaona si haki kuwaambia watembeao kwa miguu peke yao wajihadhari, huku mzigo uliokuwa wa reli ukipitishwa milangoni pao.

Kuna jambo lingine wasilolijua wengi. Madereva wengi watoka Tanzania na Zambia. Wale wa Tanzania, twakiri, husema Kiswahili kizuri kuliko chetu. Huko kwao magari hupita upande wa kushoto, na usukani wa lori umewekwa kuume. Wavukapo Kasumbalesa yawapasa kushika upande wa kuume, lakini usukani hauhami. Basi dereva hukaa upande wa ukingoni. Akitaka kulipita gari lingine, hawezi kuona mbele mpaka ametoa kichwa chote cha lori katikati ya barabara. Na mtoto aliye karibu na lori upande wake wa kushoto huenda asionekane kabisa. Kwa hiyo, wewe uvukaye, usiridhike kwamba umeliona lori. Tafuta kuuona uso wa dereva.

Mahali pasipo kijia, ni afadhali kutembea upande wa kushoto, ili magari ya upande huo yakujie usoni. Tena katika kiangazi upepo wetu hutoka zaidi kusini-mashariki. Asimamaye upande utokako upepo huona vumbi likienda kwa wengine. Nyakati nyingine mashauri haya mawili hupingana. Hapo sisi tungechagua kuyaona magari, na kuvumilia vumbi.

Katika nchi ya Finland, ambako usiku wa majira ya baridi ni mrefu, sheria huwataka waendao kwa miguu gizani wavae kitu kinachorudisha mwanga wa taa. Mtu wa nguo nyeusi huonekana kwa taa za chini kama mita 50 tu. Mwenye kitu hicho huonekana mara mbili ya hapo na zaidi. Watoto wetu wana shati jeupe la shule, nalo ni msaada mkubwa. Lakini asubuhi za Juni na Julai, baridi ikali, mama humvika mtoto sweta nyeusi juu yake, na weupe wote umefichwa! Kitambaa cheupe kilichoshonwa mgongoni mwa sweta, au juu ya mkoba, hakigharimu kitu.

Mvua za kwanza zijapo, mwezi wa Oktoba au Novemba, watu hufurahi kwamba vumbi limekwisha. Madereva wasifurahi mapema. Vumbi na mafuta yaliyodondoka miezi mingi huchanganyika na maji kidogo, na lami huteleza karibu kama barafu. Gari hukanyagiwa breki nalo laendelea mbele. Mvua kubwa ikiisha kunyesha mara kadhaa, lami huoshwa, na magurudumu hushika tena.