Masikio ya Vijana na Meza za Uyole

Atokaye Mbeya mjini kwa barabara kuu ya TANZAM kuelekea Iringa hana budi kupita Uyole, na hapo ndipo njia inapogawanyika: moja huendelea na safari yake ya Iringa na Dar es Salaam, nyingine hukata kusini kwenda Tukuyu, Kyela na mpakani Kasumulu. Penye njia panda hapakosi soko. Uyole inajulikana nchini kwa viazi, na kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo ambacho kimewapa wakulima mbegu za maharage zenye jina la mahali penyewe. Lakini kando ya magunia ya viazi siku hizi utakuta meza ndogo za mbao, na juu yake zimetundikwa waya za kila rangi, mithili ya shanga za harusi. Hivi ni visikilizio vya masikioni, ambavyo vijana huviita hedifoni vikiwa vikubwa na iafoni vikiwa vidogo. Hununuliwa na mwanafunzi wa chuo cha kilimo, utingo wa lori, mwendesha bodaboda na mama muuza ndizi.

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kutuuliza, ya Uyole yatuhusu nini? Yanatuhusu, tena sana. Vijana wetu wako Mbeya vyuoni, na bidhaa inayouzwa pale ndiyo inayouzwa Darajani na Chake Chake. Isitoshe, kuna jambo ambalo Uyole hutufundisha kwa kinyume. Pale ni nyanda za juu, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake si ya kutaniwa. Kisikilizio kikubwa kinachofunika sikio zima ni raha kwa mtu wa Uyole, kwani kinafanya kazi mbili, ya kusikiliza na ya kukinga baridi. Kichukue kisikilizio hicho hicho ukivae adhuhuri ya Kaskazi kwenye daladala ya Mkokotoni, uone kama hukukivua kabla hujafika Mahonda.

Hapo ndipo tunapoanza kusema juu ya uchaguzi. Watu wengi hudhani kwamba kuchagua chombo hiki ni kuchagua bei tu, au kuchagua jina lililoandikwa ubavuni mwake. Sivyo. Kuna mambo matatu yanayovutana: sauti, starehe ya kichwa na sikio, na fedha zilizomo mfukoni. Ukivuta moja kupita kiasi, mengine mawili yanakatika.

Tuanze na starehe, kwa kuwa ndiyo hudharauliwa. Mito ya visikilizio vya bei nafuu hutengenezwa kwa sifongo iliyovikwa ngozi ya bandia. Ngozi hii ina adui wawili, joto na unyevu, na visiwani kwetu adui hao wawili wanaishi nasi mwaka mzima. Jasho likichanganyika na hewa ya bahari, ile ngozi huanza kuvimba, kisha hubanduka vipande vyeusi ambavyo humganda mvaaji shingoni na nyweleni. Mtu wa Uyole anaweza kukaa na mito hiyo muda mrefu zaidi kuliko mtu wa Wete. Basi kwa mkaazi wa pwani, mito ya kitambaa ina nafuu, na iliyo bora zaidi ni ile inayoweza kuvuliwa na kununuliwa mipya. Chumvi nayo hula pini ya kuchomeka kwenye simu; pini ikishaota kutu, sauti hukatikakatika na mwenye chombo hudhani simu imeharibika.

Jambo jingine ni uzito na ukamataji. Chombo kinachobana mno huumiza mashavu na hasa huwasumbua wavaa miwani, kinacholegea hudondoka. Hakuna njia ya kuyajua haya ila kukivaa dukani dakika kumi, si nusu dakika. Mwenye duka anayekataa kukujaribisha, mwache na mali yake. Kwa vile vidogo vya kuingia ndani ya sikio, ambavyo kwa desturi ya usafi havijaribiwi na kila mpita njia, angalia kama vimekuja na vimpira vya ukubwa mbalimbali. Watu hutupa vimpira hivyo bila kujua kwamba ndani yake imo nusu ya sauti waliyoilipia. Kimpira kisipoziba tundu la sikio vizuri, sauti nzito zote hutoroka, na msikilizaji, akidhani kwamba chombo ni kibovu, huongeza sauti. Hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Ama sauti yenyewe, tunaona vijana wetu wamedanganywa na besi. Muuzaji hufungulia wimbo wenye mdundo mzito, kichwa cha mnunuzi kikatikisika, na biashara ikakwisha. Mdundo mkubwa si ubora. Mara nyingi umewekwa makusudi ili kuficha udhaifu wa sauti za kati, na katika sauti za kati ndimo alimo binadamu anayesema au anayeimba. Ushauri wetu ni kwamba mnunuzi aende na simu yake mwenyewe, ikiwa na kitu anachokijua kwa moyo. Taarabu ya kale ni kipimo kizuri kuliko vyote: je, udi unasikika mbali na kanuni, au vyote vimekuwa uji mmoja? Fidla zinalia au zinakwaruza? Kisha asikilize mtu akisoma habari tu, bila muziki. Sisi tuliopitia chuoni kwa mwalimu kabla ya kukalia dawati la serikali tulifundishwa tangu udogo kutenga thaa na siin, na dhaa na zayn. Kisikilizio kinachoziunganisha herufi hizo hakifai hata kikiwa cha bure. Mwisho asogeze pini taratibu na waya pale unapoingia kwenye pini, kwa sababu hapo ndipo penye kufa kwanza.

Chombo hiki kina historia ambayo si vibaya kuigusa. Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alivitengeneza vya kwake jikoni nyumbani, na mwaka 1910 Jeshi la Majini la nchi hiyo likavinunua kwa ajili ya watu wa redio. Kwa miaka mingi vilibaki kuwa vyombo vya kazi: vya jeshi, vya simu, vya rubani. Ilikuwa mwaka 1958 ndipo John Koss wa Milwaukee alipovileta kwa wapenda muziki. Mwaka 1979 Sony ya Japani ikatoa Walkman, na mtu akaweza kutembea njiani na muziki wake peke yake. Inafaa kukumbuka kwamba Walkman ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ili wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha kupunguza sauti ili waweze kusemezana. Wakuu wa kampuni ile walihofia kwamba kusikiliza peke yako mbele ya mwenzako ni utovu wa adabu. Hofu hiyo imekwisha duniani, na matundu mawili nayo yamekwisha; tangu mwaka 2016, baadhi ya simu hazina hata tundu moja.

Sisi tulikulia katika usikilizaji wa namna nyingine. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili wa Tanzania Bara katika vikundi vya kusikiliza redio, na waliposikia wakajadiliana, na walipojadiliana wakachimba vyoo. Huku kwetu, katika miaka ya 2000, watoto wa Zanzibar walisoma kwa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, redio moja kwa kundi zima. Hatusemi kwamba vijana warudi barazani kwa nguvu. Tunasema tu kwamba redio ya baraza haikuwa na uwezo wa kumwua mtu masikio, na chombo kilichotiwa ndani ya tundu la sikio kinao.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya tabia zao za kusikiliza. Kipimo chake ni hiki: mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikipanda kufikia desibeli 90, saa hizo hushuka kuwa nne tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75. Ndani ya sikio mna vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu. Vikifa havioti tena, wala hakuna dawa ya kuviotesha. Dalili ya kwanza ni mlio wa nyenje masikioni wakati wa usiku, mahali pakiwa kimya.

Sasa tazama abiria aliyekaa karibu na injini ya basi kutoka Uyole kwenda Kyela. Injini yanguruma, milima ya Rungwe yapandwa kwa gia ndogo, na yeye ana visikilizio vilivyo wazi, vya shilingi elfu mbili. Ili asikie wimbo hana budi kuushinda mngurumo, kwa hiyo anaongeza sauti hadi mwisho, na safari ni ya saa kadhaa. Angekuwa na kisikilizio kinachoziba vizuri, kelele za basi zingebaki nje, naye angetosheka na nusu ya sauti. Ndiyo maana tunasema kwamba kuziba vizuri si anasa ya matajiri. Lakini kinachomfaa abiria hakimfai kabisa mwendesha bodaboda wala mwenda kwa miguu katika njia panda ile yenye malori ya mizigo ya Zambia na Malawi. Mwenye kuendesha chombo avue, basi. Hapa hatuna ushauri mwingine.

Juu ya fedha, hesabu ni rahisi. Anayenunua cha shilingi 3,000 kinachodumu miezi miwili, mwisho wa mwaka ametumia shilingi 18,000 na hana kitu. Mwenzake aliyetoa 15,000 mara moja kwa chombo chenye waya imara na mito ya kubadilisha, mwakani bado anasikiliza. Visivyo na waya vina raha yake, hatukatai, ila betri zake ndogo huchoka baada ya miaka michache na kwa kawaida hazifunguliki kubadilishwa. Kwa hiyo mwenye pesa chache tunamshauri abaki na waya maadamu simu yake ina tundu. Na ajihadhari na jina mashuhuri lililopachikwa kwenye kitu cha bei ya karanga. Viko vyombo vya kusimamia hayo: Shirika la Viwango Tanzania lililoanzishwa mwaka 1975, na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa upande wetu. Maofisa wao tungependa kuwaona mara nyingi zaidi kwenye meza za barabarani, kwani huko ndiko mwananchi wa kawaida anakonunua.

Tunalo pia la kuwaambia watumishi wa serikali wanaonunua kwa niaba ya umma. Vyumba vya kompyuta vya skuli na maabara za lugha vinahitaji visikilizio kwa makumi, na zabuni huandikwa kwa maneno mawili: "visikilizio, arobaini". Aliyetaja bei ya chini hushinda, huleta bidhaa hafifu, na baada ya muhula mmoja kabati limejaa waya zilizokatika. Kosa si la mzabuni peke yake, kwa sababu hakuambiwa alete nini. Iandikwe katika zabuni kwamba mito ivulike na ifutike kwa dawa, maana chombo kimoja hupita masikio ya watoto wengi kwa siku. Iandikwe kwamba waya uchomolewe na kubadilishwa bila kutupa chombo kizima. Kwamba sauti ya juu iwe na kikomo kinachofaa watoto. Na kwamba mzabuni alete mito na waya za akiba pamoja na mzigo wa kwanza. Kabla ya malipo, mwalimu wa somo avijaribu vichache kwa kuvichagua mwenyewe, bila kuchaguliwa na mleta mali, na saini yake iwe katika hati ya kupokea mzigo.