Namna nyuki wanavyolinda watoto wao

Wengi wetu tunajua nyuki kwa mambo mawili: asali na kuumwa. Lakini kazi kubwa ya muzinga ni kulea watoto. Yai la malkia, kiisha siku 3, linakuwa funza mweupe. Nyuki wanamulisha, halafu wanafunga chumba chake na nta. Siku ya 21 nyuki mufanyakazi anatoka.

Siku hizo zote maadui hawakosi. Huku kwetu Afrika kuko kidudu cheusi, kigumu mugongoni, wataalamu wanakiita Aethina tumida. Kinataga mayai mu nyufa, na funza zake zinakula watoto wa nyuki na kuozesha asali. Kukichoma ni vigumu, maana kinaficha kichwa na miguu chini ya ganda. Basi nyuki wanafanya nini? Wanakifukuza mpaka kwenye ufa, wanakizungushia gundi ya miti, na wanaweka sentineli pale. Tena ajabu: mufungwa anamugusagusa sentineli mudomoni, anaomba, na mara nyingine anapewa chakula! Gereza la namna hiyo mimi sijaliona.

Adui mwingine ni varoa, mudogo kama kichwa cha pini. Alionekana Afrika ya Kusini mwaka wa 1997. Anaingia chumbani mbele ya kufungwa, anazaa humo akimunyonya mutoto. Nyuki wasafishaji wanasikia harufu mubaya, wanapasua nta, wanamutoa mutoto yule na kumutupa inje. Ni jambo la uchungu, lakini wengine wanapona. Ndiyo sababu moja nyuki wengi wa Afrika wanaishi na varoa bila dawa.

Mutu anayekuja na moto, huyo hawamuwezi. Anachoma kundi, anakamua masega yote, watoto pamoja na asali, na asali ile inaharibika upesi. Baba, mama, kwa nini kuua muzinga ambao ungelipa masomo ya watoto mwaka kwa mwaka? Tumia moshi tu. Mara nyingi watoto wako karibu na mulango, kifuniko chao ni cha rangi ya udongo, kikavu. Asali iko nyuma, kifuniko cheupe. Chukua ya nyuma, na uwaachie sehemu yao. Kundi lenye nguvu linaweza kufunga vidudu. Likipunguka, vidudu vinashinda.

Na vipande vya masega vilivyoanguka, usiviache chini ya muti. Harufu yake inaita vile vyeusi.