Ukumbi wa nyumba ya shamba: kabla ya kupamba, toa chupa ya dawa

Katika safu yetu ya afya na usafi leo tunaingia nyumbani, lakini hatufiki mbali. Tunaishia pale pale mlangoni, barazani na ukumbini, mahali ambapo mguu uliotoka shamba unakanyaga kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba.

Wapo ndugu zetu wa mjini ambao siku hizi huona kwenye simu picha za nyumba za shamba za Ulaya na Marekani. Benchi la mbao lisilopakwa rangi, kikapu cha kufumwa, mabuti yamepangwa mstari, na jembe kuukuu limetundikwa ukutani kama pambo. Wanatamani na wao wapate mlango wa namna hiyo. Sisi tuliozaliwa shamba tunacheka kidogo, kwa sababu jembe lililoko ukutani kwetu si pambo, ni la kesho asubuhi. Lakini tusicheke sana. Wale wenye picha wametushinda kwa jambo moja: kila kitu kina mahali pake.

Nikueleze juu ya ukumbi mmoja ninaoujua vizuri, wa mjomba wangu huko wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Ni nyumba ya miti na udongo iliyokandikwa vizuri, mabati juu, baraza mbele, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kumsalimia. Nikaketi kwenye kigoda ukumbini, nikaletewa kahawa, na macho yangu yakazunguka kama yanavyozunguka macho ya mtu wa kazi yangu. Ukutani ilitundikwa fremu nzuri ya Ayatul Kursiyyu. Chini ya fremu liliegemezwa bomba la kupulizia dawa ya mazao, likiwa bado limelowa. Pembeni mwa bomba palikuwa na panga, magunia mawili ya mahindi, lundo la ndala na mabuti, na katikati ya viatu chupa ya soda yenye kitu cheupe.

Niliijua ile chupa ni ya nini. Dawa nyingi za kuulia wadudu zikishachanganywa na maji huwa nyeupe kama maziwa. Mjomba alikuwa amebakiza mchanganyiko kidogo baada ya kupulizia mahindi, akaona ni hasara kuumwaga, akauweka wa kesho. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, bomba la dawa limekuwa chombo cha kawaida hata kwa mkulima wa ekari moja, na mabaki ya namna hii yamezagaa majumbani.

Niliona, na sikusema. Mjomba ni mtu mzima, mimi ni mtoto wake, nimekuja kutoa shikamoo, nitaanzaje kumkosoa juu ya nyumba yake huku nikinywa kahawa yake? Nikaaga, nikaondoka.

Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu. Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa amekunywa kutoka kwenye chupa kama ile, iliyowekwa mahali pale pale. Mtoto aliona chupa ya soda, ndani mna maziwa, akanywa. Nilipouliza hali yake niliambiwa mate yanamtoka bila kukatika, anatapika, jasho linamtiririka, anapumua kwa kukoroma, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kwa mtu aliyesomea tiba hizo ni dalili za sumu ya jamii ya oganofosfeti, ambayo huzidisha kazi ya neva na kujaza mapafu majimaji mpaka mgonjwa ashindwe kupumua. Majirani walikwisha kumnywesha maziwa wakidhani yanaua sumu. Alikimbizwa hospitali kwa pikipiki, akachomwa sindano za atropini mara kwa mara usiku kucha, na alhamdulillahi baada ya siku nne alirudi nyumbani.

Nilipokwenda kumtazama, mjomba aliniuliza swali moja tu. "Mwanangu, wewe tabibu, siku ile ulikaa hapa hapa. Hukuona?" Nilimjibu kuwa niliona. Hakusema kitu tena, na mimi sikuwa na la kuongeza.

Kwa hiyo ndugu msomaji, leo nasema niliyostahili kuyasema siku ile.

Dawa ya mazao haikai ukumbini

Mchanganyiko uliobaki usihifadhiwe. Changanya kiasi kinachotosha, na kikibaki kidogo kimalizie shambani humo humo. Dawa isiyochanganywa ibaki katika chupa yake yenye karatasi ya maelezo, isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji, wala usikubali kupimiwa dukani kwa namna hiyo. Mjomba alipoulizwa na daktari jina la dawa, alichoweza kusema ni kuwa "ni ile ya viwavi".

Tuligonga sanduku la mbao lenye kufuli, tukalitundika nje chini ya upenu, upande usio na jiko, juu kupita mkono wa mtoto. Humo huingia dawa pamoja na nguo za kupulizia, ambazo hufuliwa peke yake. Bomba huoshwa shambani, mbali na kisima, kisha hutundikwa karibu na sanduku. Mafuta ya taa nayo yahamishwe kutoka kwenye chupa za soda, kwa sababu matone machache yakipitia njia ya hewa huleta homa kali ya mapafu.

Ikitokea bahati mbaya mtoto akanywa, usimtapishe na usimpe maziwa wala kitu kingine chochote kwa mdomo. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni huku umevaa mifuko ya plastiki mikononi, mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na chupa ya dawa uichukue.

Viatu na sakafu

Mkaza mjomba alitaka chanja ya mianzi, na akapata. Inakaa barazani, nje ya mlango, ngazi ya juu ndala, ya chini mabuti yakiwa yamelazwa ubavu. Kabla ya kuvaa buti, likung'ute. Nge hupenda mahali penye giza, na nyoka vilevile. Panga na majembe tulivitundika kwenye vigingi vya mti nje, makali yakielekea ukutani, na kwa kweli yakipangwa hivyo yanapendeza kuliko nilivyotarajia. Hapo wale wa picha wana haki yao.

Kwa nini viatu visiingie? Wengi hujibu kwamba ni kwa ajili ya minyoo ya safura. Hiyo huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu penye udongo wenye unyevu, kwa hiyo kinga yake ni kuvaa viatu shambani na chooni. Anayeletwa ndani na soli ya kiatu ni mwingine, ni yai la mnyoo wa duara. Yai hilo halionekani kwa macho, huishi udongoni miezi mingi hata miaka, na mtoto anayetambaa ukumbini hulipeleka mdomoni kwa kidole.

Sakafu ya vumbi ina adui mwingine, naye ni funza, au tekenya. Huyu ni jamii ya kiroboto, na si mwenyeji wa Afrika. Aliingia Angola kutoka Amerika Kusini mwaka 1872, na haikufika miaka 30 akawa amekwisha kuvuka bara hadi pwani yetu. Hupenda vumbi kavu. Kama huna uwezo wa saruji, shindilia udongo, ziba nyufa, nyunyiza maji kabla ya kufagia, na mbwa na mbuzi wasilale ukumbini. Na ile sindano moja ya kutolea funza watoto wa nyumba nzima iachwe. Inahamisha homa ya ini na virusi vya Ukimwi, na kidonda chake hukaribisha pepopunda.

Mbele ya mlango weka kitu cha kufutia miguu. Kwetu Tanga katani ipo tangu mkonge ulipoletwa mwaka 1893, na gunia kuukuu la katani likikunjwa na kushonwa pembe hufuta tope vizuri. Kando yake tulisimamisha kibuyu chirizi, yaani kidumu cha lita tano kilichotobolewa, kamba na kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye soksi. Anayetoka shamba ananawa kabla ya kumshika mtoto.

Sasa pamba

Ukisha kupanga, pambo ni jambo jepesi. Kuta tulizipaka chokaa, watoto wakiwekwa mbali kwa sababu chokaa mbichi huunguza macho, na ukumbi uliokuwa na giza ukapata mwanga. Barazani tuliweka benchi la mti wa mwembe, si mkabala na mlango bali pembeni. Surat An-Nur, aya ya 27, inatuamrisha kubisha na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu, na Mtume (s.a.w.) alipofika mlangoni kwa mtu alikuwa akisimama kando. Mgeni akingojea idhini huku ameketi pembeni, macho yake hayaingii ndani. Mlango wa kati ulipewa pazia la kanga. Mkeka mpya wa ukindu ulitandikwa chini ya ile fremu, pale lilipokuwa bomba.

Mkaza mjomba aliweka pia asumini na mrehani kwenye makopo na mpira mmoja wa gari. Mpira niliukataa. Maji ya mvua yakituama humo, mbu wa dengi hutimia kwa muda wa wiki moja hivi, naye huuma mchana. Dar es Salaam iliuguza watu wengi kwa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Makopo tuliyatoboa chini. Mtungi wa maji una mfuniko, na kila wiki husuguliwa ndani, kwa kuwa mayai ya mbu huyu hugandamana na ukuta wa chombo na hayafi kwa kukauka.

Kilichonishinda ni magunia ya mahindi. Panya huyafuata mahindi, nyoka akamfuata panya, hayo nimeyaeleza mara nyingi. Mjomba anasema mahindi yakiwekwa nje yataibiwa, na siwezi kusema ni mwongo. Mara ya mwisho nilipokwenda niliyakuta bado ukumbini, lakini yameinuliwa juu ya chaga na kuachwa nafasi ya mkono kutoka ukutani, ili paka apite.