MAPENZI YA NYOKA MWEUPE

Tangu Televisheni ya Taifa, TBC, ilipoonyesha kisa cha Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili mwaka 2011, tamthilia za Kichina zimezoeleka majumbani mwetu. Katika visa vya maajabu vya nchi hiyo, kinachotusumbua ni kile cha kale cha Nyoka Mweupe, ambacho kimeigizwa mara nyingi: nyoka ajigeuza mwanamke, akaolewa na kijana Xu Xian pasipo kumweleza asili yake. Siku mume alipoliona umbo la kweli, alianguka akafa. Mke akapanda milimani kuupigania mmea wa kumfufua.

Hapo, twakiri, machozi hutulenga. Lakini, ndugu msomaji, kisa chatutaka tuusamehe uongo kwa kuwa aliyeusema anapenda mno. Nasi twawajua wanaume waliotoka Kahama na Kishapu kufuata dhahabu Nyarugusu, Geita, wakaposa upya huku wakificha mke na watoto waliobaki nyumbani. Nao husema wanapenda. Mtawa Fahai alipomfungia yule nyoka chini ya mnara tulimchukia. Kisha tukajiuliza ni nani atakayemwambia kweli binti wa Nyarugusu kabla ng'ombe wa mahari hawajapokelewa.