Nyumba ya Marehemu si ya Yule Mwenye Ufunguo



Juma lililopita, kisha kugawanya feza ya likelemba, mwenzetu mmoja alituuliza: "Kuna nyumba inauzwa karibu na soko. Mwenyewe alikufa. Bei yake ni nzuri. Niinunue?" Kila mtu alijibu la kwake, na tukaachana bila kumsaidia. Leo tumjibu vizuri, kwa sababu swali lake ni letu sote.

Nyumba za namna hii zipo. Baba anakufa, watoto ni wengi, mmoja anaishi Beni, mwingine Butembo, deni la hospitali halijalipwa na masomo yanadai feza. Jamaa inaona heri kuuza na kugawanya. Habari inatembea kwa mdomo: kwenye matanga, sokoni, kisha misa ao ibada. Tena yuko komisyonere, yule anayetafutia watu nyumba ili apate sehemu yake. Mama aliyeuza kahawa na kakao na kuweka akiba polepole anaweza kupata nyumba yenye mabati kwa bei kidogo kuliko kujenga.

Lakini hapa Kamango kuna jambo moja la kukumbuka. Mwezi wa 7 mwaka wa 2013, waasi wa ADF walipovamia kwetu, watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka kuingia Bundibugyo, kule Uganda. Wengi walifikia Bubukwanga, na wengine wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Wako waliorudi, wako waliobaki. Basi nyumba inaweza kuonekana haina mtu, kumbe wenyewe wako ngambo.

Mwenzetu mwingine alijifunza hilo kwa machozi. Aliuziwa nyumba na baba mdogo wa watoto, ambaye alikuwa na ufunguo na maneno matamu. Walitia sahihi mbele ya watu wawili tu, wote rafiki za muuzaji. Kisha miezi kadhaa, mjane akafika kutoka Uganda na watoto wanne, akakuta pazia la mtu mwingine kwenye mlango wake. Alilala kwa jirani. Baba mdogo alikuwa amekwisha kula feza. Wazee waliwakalisha mara nyingi, na mwishoni mwenzetu alilipa mara ya pili, sehemu kwa sehemu, ili mjane akubali. Wamama wawili waliumia, na hakuna kati yao aliyekuwa mwizi.

Sheria inasema nini? Kanuni ya jamaa ya Kongo ni ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 1987, na ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 2016. Kama marehemu hakuacha wosia, watoto ndio warithi wa kwanza, nao wanapata robo tatu za urithi. Binti na kijana ni sawa. Mtoto aliyezaliwa inje ya ndoa naye anahesabiwa, kama baba alimtambua alipokuwa muzima. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa pamoja na mume wake. Mkubwa wa warithi anaweza kusimamia urithi, lakini kusimamia hakumpi ruhusa ya kuuza peke yake.

Kwa hiyo, mama, mbele ya kutoa hata franka moja, fanya hivi:

Uliza majirani, si muuzaji peke yake. Marehemu alikuwa na bibi wangapi? Watoto wangapi? Wako wapi? Majirani wanajua yale komisyonere hatakuambia.

Omba jamaa ikae kikao, na waandike PV yenye majina na sahihi za warithi wote, pamoja na mjane. Aliye Kyangwali apigiwe simu, usikie sauti yake wewe mwenyewe, kisha atume karatasi ya ruhusa iliyotiwa sahihi mbele ya wakubwa wa kule. Kama kuna mrithi asiyefika miaka 18, usinunue sehemu yake mpaka umeuliza kwa jaji.

Zunguka kiwanja pamoja na majirani wa pande zote, mwone mipaka, mpime. Uliza pia kama kuna deni ao mpangaji.

Uliza karatasi. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1973 inasema ardhi ni ya serkali, na hati yenye nguvu ni sertifika ya konservateri. Kama ipo, mende pamoja kubadilisha jina. Kwetu viwanja vingi viko bado katika desturi. Basi mapatano yaandikwe mbele ya shefu wa lokalite na majirani, na yafike kwenye ofisi ya sheferi ya Watalinga.

Lipa mbele ya warithi wote, na kila mtu atie sahihi kwa sehemu aliyopokea. Andika jina lako wewe mnunuzi. Tangu 2016, sheria haidai tena ruhusa ya bwana kwa mwanamke aliyeolewa, lakini inataka bibi na bwana wapatane juu ya mapatano wanayofanya. Kwa hiyo, zungumza naye nyumbani, amani ni bora.

Kama muuzaji anakuambia, "Fanya haraka, kuna mtu mwingine anakuja kesho," acha huyo mwingine ainunue.

Tumalize kwa kuangalia nyumba zetu wenyewe. Siku moja mnunuzi anaweza kusimama mbele ya mlango wako, wewe ukiwa mjane. Je, ndoa yako imeandikishwa? Watoto wako wanajulikana kwa leta? Karatasi ya kiwanja iko wapi, na jina lako limo? Ongea na bwana wako leo, mkiwa wazima wote wawili.

Na kwa yule aliyetuuliza: usiikatae nyumba, ila usiikimbilie. Siku ya kwenda kwa jamaa ile, wawili wetu watakusindikiza.