Mashine ya leza ya kuchora: Itarudisha pesa yako?

Msimu wa mahafali na harusi ukikaribia, video za mashine za leza hujaa kwenye simu zetu. Kamashine kadogo ka juu ya meza kanachora jina kwenye mbao, na dakika chache baadaye zawadi iko tayari. Wengi hujiuliza: nikitoa akiba yangu ninunue hii kitu, itanilipa? Tumeamua kupiga hesabu pamoja nawe.

Jua kwanza unanunua nini

Mashine nyingi za bei nafuu hutumia leza ya dayodi, ile yenye mwanga wa buluu. Inachora vizuri mbao, ngozi halisi, kadibodi na chuma kilichopakwa rangi, kama chupa za maji. Lakini akriliki isiyo na rangi haiwezi kuikata, kwa sababu mwanga huo unapita tu kama unavyopita kwenye kioo cha dirisha. Ukitaka kazi hiyo, utahitaji leza ya CO2, ambayo ni ghali zaidi na inachukua nafasi.

Chunga pia namba kwenye tangazo. Muuzaji anaweza kuandika “wati 40” akimaanisha stima inayoingia kwenye mashine, kumbe mwanga unaotoka ni wati 5 tu. Muulize moja kwa moja: nguvu ya leza yenyewe ni wati ngapi? Wati 5 zinatosha kuchora. Kukata plaiwudi ya milimita 3 bila kusumbuka, tafuta wati 10.

Bei si ile ya tangazo pekee

Ukiagiza kutoka nje, ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Halafu kuna miwani ya kinga inayolingana na mwanga wa mashine yako, feni ya kutoa moshi, na mbao za kujifunzia. Usichome PVC, wala ngozi ya bandia usiyoijua imetengenezwa na nini. PVC ikichomwa hutoa gesi yenye klorini, inayoumiza mapafu na kutia mashine kutu. Kama unaishi bedsitter na watoto, fikiria mara mbili utaiweka wapi.

Sasa hesabu

Tuchukue mfano. Vitu vyote vimekugharimu KSh 45,000. Unauza kibao cha funguo chenye jina kwa KSh 250. Mbao na pete ni KSh 60, pakiti KSh 10, stima na vile vinavyoharibika KSh 30. Unabaki na KSh 150.

Gawanya 45,000 kwa 150: unapata vibao 300. Hapo ndipo mashine inakuwa imejilipa, na bado hujahesabu muda wako. Ukitaka pesa irudi kwa miezi sita, ni vibao 50 kila mwezi, karibu 12 kila wiki. Swali ni moja: hao wateja unao?

Ndiyo maana hatukushauri kununua kwa mkopo wa simu wa siku 30. Kulipa deni hilo kutoka kwa mashine yenyewe, ungelazimika kuuza vibao 10 kila siku, kuanzia siku ya kwanza, kabla hata ya riba.

Jaribu soko kabla ya kununua

Tafuta fundi aliye na mashine tayari, umlipe akuchoree. Akikutoza KSh 100 kwa kila kibao, utabaki na KSh 80. Ni kidogo, lakini hujahatarisha akiba. Fanya hivyo miezi miwili, na malipo yote yapitie kwenye till yako, si mkononi. Kisha fungua statement uhesabu oda. Zikifika 12 kwa wiki bila kutegemea marafiki na watu wa chama chako, una sababu ya kununua. Zikiwa tatu, endelea na fundi.

Linda pesa yako

• Chukua nusu ya malipo kabla ya kuchora. Kibao kilichoandikwa “Wanjiku na Otieno” hakina mnunuzi mwingine.
• Usimpe mteja mzigo kwa sababu amekuonyesha SMS. Angalia salio lako kwanza.
• Ukinunua mashine kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, omba kuiona ikifanya kazi kabla ya kulipa. Ukilipa, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la duka hilo, ndipo uweke PIN.
• Hifadhi ujumbe wa malipo. Mashine ikileta shida, huo ndio ushahidi wako.

Kwa maoni yetu, mashine hii inafaa mtu ambaye tayari anauza kitu: mshona viatu, mpakiaji zawadi, fundi wa mbao. Anaiongezea biashara iliyopo. Kama bado unatafuta biashara ya kuanza, anza na fundi na till, na akiba yako ikae pale ilipo kwanza.