Kubadili Mchoro wa PDF Kuwa wa CAD: Mambo Yanayomhusu Mfanyakazi



Siku hizi shafti ikivunjika kiwandani, hapa Bujumbura au kule kwenye viwanda vya chai vya Teza na Rwegura, mara nyingi mchoro wake hauji tena kwenye karatasi kubwa iliyokunjwa. Unakuja kwenye kompyuta au simu, katika faili la PDF. Kipuri kilichoagizwa ng'ambo hushushwa Dar es Salaam, kisha kina safari ndefu hadi kutufikia. Kwa hiyo kazi hupelekwa kwa wakerezaji wetu wa hapa, na ofisini husemwa: "Tutaubadilisha mchoro uwe wa CAD, ni kazi ya dakika moja." Maneno hayo ni kweli nusu. Nusu ya pili inaweza kumgharimu mwenzetu vidole.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 1993, ili waraka uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila mashine ya kuchapa. Ni kama karatasi iliyowekwa nyuma ya kioo: unaisoma, lakini huigusi. Faili la CAD, yaani lile la DWG au DXF, ni kitu kingine. Humo mstari una urefu wake, duara lina kitovu na kipenyo chake, na fundi anaweza kuvisogeza, kuvipima na kuvirekebisha.

Kabla ya kubadili chochote, tujue tuna PDF ya namna gani, maana ziko mbili. Kuza mchoro kwenye kioo cha kompyuta mara kumi au zaidi. Mistari ikibaki myembamba na safi, mchoro ulitoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea, na mistari yake bado imo ndani. Ikigeuka vidoa vidoa na kingo kuchakaa, hiyo ni picha tu ya karatasi iliyopitishwa kwenye skana.

Ile ya kwanza ina nafuu. Programu ya AutoCAD, tangu toleo lililotoka mwaka 2016, ina amri ya PDFIMPORT ya kuingiza mistari hiyo. Asiye na fedha ya kuinunua atumie Inkscape, ambayo ni ya bure: afungue PDF, aihifadhi kama DXF, kisha aendelee na LibreCAD, nayo ya bure. Lakini asitazamie mambo kuwa kama yalivyokuwa. Duara huweza kuingia likiwa limekatika vipande vidogo vilivyonyooka, na maandishi yakageuka mistari mitupu isiyosomeka kama herufi.

Tena programu huhesabu karatasi, haihesabu chuma. Shafti ya milimita 400 iliyochorwa kwa skeli ya 1:2 itaingia ikiwa na milimita 200. Chukua kipimo kimoja kilichoandikwa, ukuze mchoro wote hadi ulingane nacho, kisha uhakikishe kwa kipimo cha pili cha upande mwingine. Ukihakikisha upande mmoja tu hujahakikisha kitu, maana skana huweza kuvuta karatasi upande mmoja kuliko mwingine.

Ile ya picha ni shida kubwa zaidi. Programu za kufuatisha picha huzunguka kingo za wino, na mstari mmoja huweza kutoka ikiwa miwili. Na hata ukitoka mmoja, hesabu haikubali. Kwa skeli ya 1:2, mstari wenye unene wa nusu milimita unafunika milimita nzima ya chuma. Lakini shafti ya milimita 40 inayokaliwa na beringi kwa kipimo cha k6 inatakiwa iwe kati ya 40,002 na 40,018. Hakuna programu itakayoupata usahihi huo ndani ya wino. Picha ichorwe upya, mstari kwa mstari, kwa kufuata namba zilizoandikwa. Namba ndiyo amri.

Na namba zenyewe zina mtego wake. Michoro ya Kibelgiji na Kifaransa huweka koma mahali ambapo Waingereza huweka nukta. Kwa Mfaransa 2,500 ni milimita mbili na nusu; kwa Mwingereza ni elfu mbili na mia tano. Programu nyingi zimepangwa kwa Kiingereza.

Kwa nini Chama kinaingia katika mambo ya ufundi? Kwa sababu kipuri kilichokosewa kikipasuka kwenye mashine inayozunguka, anayeumia ni aliyesimama mbele yake, na anayeulizwa kwanza ni mkerezaji, hata kama mchoro aliletewa tayari una kosa.

Kwa hiyo tunadai mambo haya. Menejimenti inaponunua mtambo, mkataba utaje kwamba muuzaji atatoa mafaili ya DWG pamoja na PDF. Wakati wa kudai ni kabla ya malipo, wala si baada ya miaka kumi. Mchoro uliobadilishwa uwe na tarehe, jina la aliyeubadili na sahihi ya aliyeukagua, na mkaguzi mmoja awe fundi anayeijua mashine hiyo. Fundi akikataa kukereza kwa mchoro usio na sahihi, asihesabiwe kuwa amegoma. Na nakala ya PDF ya asili ibaki karakana, kwa sababu zamu ya usiku ofisi huwa imefungwa.